Uliza Nani Kazika: Kifo katika Riwaya za Kimarekani

Wanafunzi wenzangu, hasa nyie mnaosoma kozi ya riwaya ya Kimarekani muhula huu, naanza na aibu yangu mwenyewe. Mwaka jana tulipewa insha: jadili nafasi ya kifo katika riwaya moja ya Kimarekani. Mimi nikachagua The Great Gatsby ya F. Scott Fitzgerald, nikatafuta desa lililoachwa na kaka mmoja aliyemaliza, nikajaza kurasa sita. Taa ya kijani ni matumaini. Bonde la majivu ni umaskini. Macho yaliyochorwa kwenye bango ni Mungu. Mvua ni huzuni. Kifo cha Gatsby ni kifo cha ndoto ya Kimarekani. Nikakabidhi, nikaenda zangu kula chipsi.

Insha ilirudi na alama ambayo sitaitaja hapa. Chini ya ukurasa wa mwisho mhadhiri alikuwa ameandika maneno mawili kwa wino mwekundu: "Nani kazika?"

Nilikasirika, tuseme ukweli. Nikamfuata ofisini, nikamwamkia, nikamuuliza kosa langu liko wapi, maana ishara zote nimezitaja. Akacheka kidogo. "Umenieleza kila kitu maana yake nini," akasema. "Hujanieleza kinafanya kazi gani. Nenda kahesabu waliofika makaburini, halafu urudi."

Nikaenda kuhesabu. Na tangu siku hiyo sijaweza kusoma riwaya ya Kimarekani bila kuuliza swali lile. Naliandika hapa kwa sababu mitihani inakaribia, na kwa sababu nyingine nitakayoisema mbele.

Kwanza tukubaliane kuhusu ishara. Tangu sekondari tumefundishwa fani na maudhui kama jedwali la kujaza: dhamira upande huu, ishara upande ule, mhusika fulani anawakilisha kitu fulani. Jedwali linasaidia kukariri. Lakini linatufanya tuamini kwamba ishara ni lebo iliyobandikwa juu ya kitu, na kazi ya msomaji ni kuibandua asome kilichoandikwa. Kumbe katika riwaya nzuri ishara ni kitu hasa, chenye uzito na bei, kinachopita mikononi mwa watu na kubadilika kadiri wanavyokitumia.

Chukua jeneza. Kwenye desa jeneza ni kifo, basi. Sasa fungua Moby-Dick ya Herman Melville, iliyotoka mwaka 1851. Queequeg, mrusha chusa kutoka kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, anashikwa na homa kali melini. Anamwomba seremala amtengenezee jeneza, analala ndani kulijaribu kama linamtosha. Kisha anakumbuka kuna jambo aliloacha nchi kavu bila kulimaliza, anaamua kwamba hafi tena, na kweli anapona! Jeneza analigeuza sanduku la nguo, na kwenye kifuniko anachonga michoro inayofanana na chale za mwilini mwake. Baadaye boya la kuokolea watu linapotea baharini, na jeneza lile linazibwa kwa lami lichukue nafasi yake. Mwishoni nyangumi anaizamisha meli, nahodha Ahab na mabaharia wake wanaangamia. Anabaki Ishmael peke yake, akielea juu ya jeneza la rafiki yake, hadi anapookotwa na meli ambayo nahodha wake alikuwa akimtafuta mwanawe aliyepotea majini.

Sasa niambie, jeneza hilo ni kifo au ni uhai? Ukijibu kwa neno moja umepoteza alama. Limekuwa kitanda cha mgonjwa, sanduku, ukurasa wa kuandikia, na mwisho chombo. Na angalia swali la mhadhiri linavyoingia hapo. Nani kazika? Hakuna. Bahari ndiyo imezika, wote kwa pamoja, bila jina wala kaburi. Aliyebaki hai hawezi kuwazika, kwa hiyo anafanya kile kilicho ndani ya uwezo wake: anasimulia. Kitabu chote kile kinene ni matanga ya mtu mmoja.

Turudi kwa Gatsby, maana hapo ndipo nilipochapwa. Riwaya ilitoka 1925. Gatsby ana jumba kubwa nje ya jiji la New York, na usiku wa karamu zake wageni wanajaa kwa mamia, wengi bila hata kualikwa. Wanakunywa pombe yake na kumsengenya humo humo bustanini mwake. Kisha anapigwa risasi na George Wilson, mwenye gereji ambaye mkewe Myrtle aligongwa na gari la Gatsby. Daisy ndiye aliyekuwa anaendesha, na Gatsby alikubali kulibeba kosa hilo.

Waliofika kumzika ni hawa: Nick Carraway msimulizi, baba mzazi wa Gatsby aliyetoka mbali huko Minnesota, watumishi wachache wa nyumbani, tarishi wa posta, mchungaji, na mgeni mmoja tu wa zile karamu, tena alifika amechelewa. Daisy hakutuma hata ua. Meyer Wolfsheim, mshirika wake katika biashara za kichinichini, alisema mambo kama hayo hawezi kujihusisha nayo. Klipspringer, aliyekuwa akiishi bure ndani ya jumba lile, alipiga simu. Nick akadhani anaulizia mazishi. Kumbe alikuwa anaulizia viatu vyake alivyovisahau!

Hapo ndipo nilipoelewa. Desa langu lilisema "kifo cha ndoto ya Kimarekani", maneno makubwa yasiyomgusa mtu. Lakini viatu vile vinauma. Fitzgerald hakuhitaji kutuhubiria kwamba utajiri haununui watu. Aliweka simu moja kuhusu viatu, tukajua wenyewe. Na yule mzee, baba, anatoa kitabu cha zamani cha mwanawe. Nyuma yake kijana aliandika ratiba ya siku: saa ya kuamka, saa ya mazoezi, saa ya kusoma. Ukiona ratiba ile ukakumbuka ile uliyobandika ukutani hosteli mwaka wa kwanza, utajua riwaya inamzika nani.

Tena swali lile linafika hata pale ambapo mwandishi hakutaka lifike. Nani kamzika Myrtle? Nani kamzika Wilson, aliyejiua baada ya kumuua Gatsby? Riwaya haisemi. Inalalamika kwamba watu hawakwenda kwenye mazishi ya tajiri, lakini yenyewe haikwenda kwenye mazishi ya maskini wa bonde la majivu. Hiyo, ndugu zangu, ni hoja ya kuandika kwenye mtihani, na hamtaiona kwenye desa lolote.

Kwa nini riwaya za Kimarekani zinarudi tena na tena makaburini? Zipo sababu nyingi, ila mimi naona moja inapita katika vitabu vyote ninavyovitaja hapa. Marekani ni nchi ambayo watu wake wengi wana asili ya kwingine, wengine kwa kuhama kwa hiari, wengine kwa minyororo, na wenyeji wa ardhi ile nao walifukuzwa kwao. Katika nchi ya namna hiyo mtu akifa linaibuka swali ambalo akiwa hai aliweza kulikwepa: huyu ni wa nani? Nani atasema "huyu ni wetu" na kushika jembe? Gatsby alijibadilisha jina, akajitungia ukoo. Alipokufa, aliyekuja ni baba yake halisi, mzee wa watu, aliyejua habari za kifo kwa kusoma gazeti.

Sasa nifike kwenye sababu ile nyingine.

Muhula uliofuata tulisoma As I Lay Dying ya William Faulkner, ya mwaka 1930. Akina Bundren ni wakulima maskini wa Mississippi. Mama yao, Addie, anakufa, na aliacha ahadi kwamba azikwe Jefferson, kwa watu wake. Basi familia inapakia jeneza kwenye gari la nyumbu na kuanza safari. Mafuriko yamebomoa madaraja. Mtoni gari linapinduka, nyumbu wanakufa maji, na mwana mkubwa, Cash, aliyelichonga jeneza lile kwa mikono yake, anavunjika mguu. Wanaumwagia saruji wakidhani wanamtibu. Siku zinapita kwenye joto, maiti inanuka, tumbusi wanazunguka angani. Ghala walimoliweka jeneza usiku linashika moto.

Na kila mmoja ana jambo lake mjini. Baba, Anse, anataka meno ya bandia. Binti, Dewey Dell, ana mimba na anatafuta dawa ya kuitoa. Mdogo kabisa, Vardaman, anawaza treni ya kuchezea aliyoiona dukani. Mazishi yanakwisha, Anse anarudi na meno mapya aliyoyanunua kwa pesa alizomnyang'anya binti yake, na mke mpya, yule yule mama aliyemwazima sepetu za kuchimbia kaburi.

Kwenye semina darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka, na sikunyoosha mkono.

Likizo ya kabla ya muhula ule bibi yangu mzaa mama alifariki Dar es Salaam. Siku nyingi alishasema: nikifa msinilaze huku, nirudisheni Mbinga. Wapo waliosema gharama ni kubwa, tumzike hapa hapa, lakini mama alikataa katakata. Tukakodi Kosta, jeneza likakaa katikati, sisi pembeni. Mikumi tulipita gizani. Tulipoanza kupanda Kitonga kila mtu alinyamaza, isipokuwa mjomba mmoja aliyekuwa kwenye simu tangu Morogoro akibishana bei ya kiwanja. Mama mdogo alibeba furushi la vitenge, akisema gari si limeshalipiwa, atauza vichache huko. Niliwatazama nikawaona hawana haya.

Kumbe na mimi nilikuwa na langu. Bumu halikutosha, ada ilikuwa imebaki, na nilishasikia kwamba mjomba wa kijijini ameuza kahawa. Usiku wa mazishi, watu wakiwa bado wanaota moto uani, nilimvuta pembeni nikamwomba. Alinitazama kwa muda. "Mjomba," akaniambia, "hata udongo haujakauka." Nikatamani ardhi ipasuke. Asubuhi alinipa pesa zimefungwa kwenye kipande cha gazeti, hakusema neno. Makaburini sikulia. Nililia kwenye basi la kurudi, karibu na Makambako, na aliyekaa jirani yangu alidhani nalilia marehemu.

Sijamwambia mtu jambo hili mpaka leo. Lakini ndilo lililonifundisha kusoma kitabu kile. Darasani tulikuwa tunabishana kama akina Bundren wanampenda mama yao au wanamtumia tu. Faulkner hakutupa ruhusa ya kuchagua. Aliigawa hadithi kwa wasimulizi 15, katika sura 59, ili kila mtu tumsikie kutoka ndani. Vardaman anayetamani treni ndiye yule yule anayetoboa jeneza kwa keekee ili mama apate hewa. Siku mama alipokufa alikuwa amevua samaki mkubwa, na akili yake ya kitoto ikachanganya samaki na mama, kwa sababu vyote viwili vilikuwepo, kisha havikuwepo tena. Sasa mtu akiandika tu "samaki ni ishara ya kifo", amekosa nini? Amemkosa mtoto. Samaki yule ni jinsi mtoto asiye na maneno anavyolia.

Katikati ya kitabu Addie mwenyewe anasema, akiwa ameshakufa, sura moja tu. Anatuambia kwamba alishakata tamaa na maneno. Neno mapenzi, neno umama, aliyaona kama vyombo vitupu vilivyobuniwa na watu wasiokijua kile wanachokitaja. Na ahadi ya kuzikwa Jefferson aliidai kama kisasi kwa mumewe. Ukishasoma hapo, unageuka kuangalia nani alibeba badala ya nani alisema. Jewel, mwanawe asiye na maneno matamu hata kidogo, ndiye aliyelitoa jeneza mtoni na ndiye aliyelitoa motoni. Darl, mwenye maneno mazuri kuliko wote, ndiye aliyelichoma ghala. Alitaka safari ile ya aibu iishe. Familia ikamkabidhi kwa watu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ili isishtakiwe na mwenye ghala. Mjadala kama Darl ni mwendawazimu au ndiye pekee mwenye akili timamu, huo nawaachia.

Kwa hiyo nani kazika? Wote, na kila mmoja na dhamana yake, na mfuko wake, na donda lake. Mazishi hayo si safi. Mimi nilihitaji kitabu cha Mississippi kuniambia kwamba mtu anaweza kumzika bibi yake kwa machozi ya kweli huku akiwaza ada.

Lakini akina Bundren, pamoja na umaskini wao, walikuwa na kitu kimoja: hakuna aliyebisha kwamba Addie ni wao. Riwaya ya mwisho ninayoitaja inaanzia pale ambapo hata hilo limenyang'anywa. Ni Beloved ya Toni Morrison, ya mwaka 1987. Sethe ametoroka utumwani Kentucky, amevuka mto Ohio na kufika Cincinnati. Sheria ya Marekani ya mwaka 1850 iliwaruhusu wenye watumwa kuwafuata watoro hata kwenye majimbo yasiyo na utumwa. Wanapokuja kuwachukua, Sethe anawakimbiza wanawe kwenye banda la kuni na kumuua binti yake mchanga ili asirudishwe. Morrison hakulizua tukio hilo hivi hivi. Mwaka 1856 mama mmoja mtoro, Margaret Garner, alifanya hivyo huko huko Cincinnati. Kesi yake ilibishaniwa sana, na moja ya maswali ilikuwa kama ashtakiwe kwa mauaji, maana yake ni binadamu, au arudishwe, maana yake ni mali. Alirudishwa.

Soma tena sentensi hiyo taratibu. Katika sheria ile, mama na mtoto ni wa nani? Ni wa bwana. Sasa nani azike?

Sethe anazika. Anataka jiwe la kaburi na hana pesa, kwa hiyo anamlipa mchonga mawe kwa mwili wake, dakika kumi kwa neno moja. Alisikia maneno mawili kwenye ibada, akapata moja tu: Beloved. Kwa Kiswahili tungesema Mpendwa, na kwa bahati nalo lina herufi saba. Ishara hiyo ina bei, tunaijua hadi dakika. Baada ya hapo majirani wanajitenga na nyumba yake kwa miaka, na mzimu wa mtoto unaisumbua. Kisha anatokea msichana wa umri ambao marehemu angekuwa nao, jina lake ni lile lililo kwenye jiwe, naye anaanza kumla Sethe taratibu kwa madai yasiyoisha. Maiti isiyoliliwa na watu imerudi kudai kilio chake.

Nyumba hiyo haiokolewi na mganga wala na mwanamume shujaa. Denver, binti aliyebaki, anatoka nje kuomba chakula, na majirani wanaanza kuleta vyakula mmoja mmoja. Mwisho wanawake kama 30 wanakuja hadi mlangoni, wanaomba na kuimba. Ni mazishi yaliyochelewa miaka 18. Kitabu kimetolewa kwa milioni sitini na zaidi, wale waliopotea kwa utumwa bila jiwe wala jina. Katika Moby-Dick mtu mmoja aliwafanyia mabaharia matanga kwa kusimulia. Morrison amejaribu kufanya hivyo kwa umati ambao hakuna anayeweza kuuhesabu.

Kwa wale wenye haraka ya mtihani, nimalizie na namna ya kufanya. Ukikutana na kifo katika riwaya, usikimbilie "kinaashiria". Uliza nani kazika, na nani hakuja. Uliza nani anasimulia kifo hicho, na amepataje haki ya kukisimulia. Halafu uliza vitu vya marehemu vimekwenda wapi: viatu, jeneza, meno, jiwe. Vifuate vitu hivyo ukurasa kwa ukurasa na dhamira zitajitokeza zenyewe, nawe utakuwa na ushahidi wa kuandika. Ila usilazimishe. Kifo kingine katika riwaya ni kifo tu, kimetokea ili hadithi isonge.

Insha yangu niliirudia. Alama ilipanda kidogo, si sana, mhadhiri akasema sasa nimeanza kusoma. Kuhusu Mbinga, mwaka huu tunajengea kaburi la bibi, na mama ameshanipigia simu nijiandae. Deni la mjomba bado sijalilipa. Ningependa kuwaambia kwamba safari hii nakwenda bila langu moyoni, lakini ada ya muhula ujao haijatimia, kwa hiyo siwezi kuapa.